Plasta ya Bakari

Wiki iliyopita binti yangu alijikata kidole akikuna nazi. Akatoa kwenye mkoba wake plasta ya kitambaa, akabandua karatasi ya nyuma, na ile harufu ikanijia puani: gundi na dawa, kama mpira uliochemshwa na karafuu. Nikaacha sufuria jikoni, nikatoka nje. Binti akanifuata.

"Mama, umeona damu umeogopa?"

Nikamwambia damu naijua. Nimepasua kokoto, nimefyatua matofali, kucha zangu mbili ziling'oka hazikurudi kama zilivyokuwa. Damu hainitoi jikoni. Kilichonitoa ni plasta. Akacheka, akaenda kumalizia nazi yake. Hakuuliza tena, na mie sikumweleza. Sasa naeleza hapa, na majina nitayataja, maana waliofanya jambo lile walikuwa na majina, na baba yangu naye alikuwa na jina lake mpaka walipolichafua.

Wa rika langu mliokulia uswahilini mnajua banda la video lilikuwa nini. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa magunia ili jua lisiingie, mabenchi ya mbao ambazo hazijapigwa randa yanakuchuna mapaja. Ndiyo maana watu wakayaita mabanda umiza. La kwetu Vingunguti lilikuwa la Salehe Mpendu. Lilikuwa karibu na machinjioni, na wateja wake wakubwa walikuwa wachinjaji na wabeba ngozi. Walikuwa wakiingia na mabuti yao ya mpira. Harufu ya mle ndani ilikuwa damu iliyokauka, jasho, na vumbi la televisheni iliyopata moto. Mama alikuwa akisema nguo za Baba anaweza kuzitambua gizani kwa pua.

Baba yangu, Athumani, ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa televisheni, fimbo mkono mmoja, maiki mkono wa pili, waya wa maiki umefungwa kitambaa mahali ulipokatika. Picha ikiongea Kizungu, yeye anaongea Kiswahili juu yake. Kiingereza chake alikiokota bandarini alipokuwa kuli, na kwa kweli kilikuwa kidogo. Lakini nani alijali? Steringi, yule shujaa wa picha, akifungua mdomo, Baba alishajua la kumsemesha. Jambazi wa Ulaya alikuwa anatukana Kizaramo. Mabosi wa majambazi walikuwa wanakaa Oysterbay kwa matajiri. Watu walikuwa wanatoka Kipawa, wanatoka Buguruni, wanayapita mabanda mengine njiani, kuja kumsikiliza Athu.

Sasa nyie mnajua picha za upelelezi, zile za mtu kufukuzwa, bomu kutegwa, gari kuangukia mtoni. Zina makosa mengi kuliko picha zote. Mtu anatoka majini ameloa chapachapa, anaingia kwenye gari, shati kavu. Kioo cha gari kimepigwa risasi kimekwisha, gari likikata kona kioo kizima. Na wachinjaji wa Vingunguti hawakuwa watu wa kudanganywa kirahisi. Mtu anayeangalia ng'ombe kutwa nzima asije akakata utumbo ana macho. Wakiona kosa walikuwa wanapiga miluzi, wanagonga mabenchi, wanamsema Baba kana kwamba yeye ndiye aliyepiga picha.

Kazi yangu ilianzia hapo. Mkanda mpya ulikuwa unakuja Jumamosi asubuhi kutoka mjini, na Baba alitakiwa auangalie mara moja kabla ya onyesho la mchana. Mama alikuwa kazini kwa watu siku hizo, akifua, kwa hiyo Baba akawa ananichukua. Mama alipojua alifoka.

"Mtoto wa kike bandani, baba Hawa? Kweli?"

"Asubuhi hamna mtu mule. Ni mie, yeye na panya."

"Na hao panya nao wanaume!"

Siku moja, nilikuwa na miaka kama minane, nikamwambia, "Baba, mbona soda yake ilikuwa nusu na sasa imejaa?" Akasimamisha deki ya video. Akarudisha nyuma. Akaangalia mara mbili, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Wewe jicho!" akasema. Tangu siku ile sikuitwa Mwanahawa tena bandani, nikaitwa Jicho, na jina likanifuata mpaka mtaani. Yeye aliangalia kisa, mie nikaangalia makosa. Alinifundisha kufanya hivyo. Usimtazame anayeongea, maana wote wanamtazama yeye. Tazama mikono, tazama saa ukutani, tazama kola. Mtu mwenye alama mwilini, ishike alama yake iko karibu na nini, usiseme kulia na kushoto, kulia na kushoto huchanganya. Mkanda ukiisha nilikuwa namsomea makosa yote, na yeye anayatafutia maneno.

"Kosa likitokea usilinyamazie," alikuwa akisema. "Ukinyamaza watalishika. Lipe jina haraka, kwa sauti, kabla hawajafungua midomo."

Nami mchana nilikuwa nakaa nje ya bati, upande wa nyuma palipokuwa na tundu la msumari, nimsikilize anavyoyatumia makosa yangu. Nakumbuka moja. Steringi katoka mtoni, kaingia garini, mkavu. Mchinjaji mmoja mnene aliyeitwa Tindo akanguruma, "We Athu, mbona shati limekauka?"

Baba hakumpa nafasi. "Tindo, wewe unafukuza ng'ombe aliyefungwa kamba! Mtu anayefukuza jambazi lililomuua nduguye anatokwa na joto, bwana. Lile shati limekauka mwilini, hata pasi halihitaji!"

Banda zima likalipuka. Tindo mwenyewe nikamsikia anacheka kuliko wote. Na mie kule nyuma, jicho kwenye tundu la msumari, nikajiona mtu mkubwa. Akili ya kitoto, niliamini kwamba watu wazima hawaoni. Nilidhani duniani kuna wachache wenye macho, ambao ni mie, Baba akirudisha nyuma, na Tindo kidogo. Wengine wote nilidhani wanapita tu, kama watu wanaotembea na usingizi. Nilikuwa nawaonea huruma.

Basi. Mwenye banda jipya Buguruni akamfuata Baba, akamtaka. Baba hakujificha, hakuwa mtu wa kujificha. Akamwambia Salehe uso kwa uso kwamba mwisho wa mwezi anahama. Salehe akatabasamu, akamwambia riziki ni ya Mungu. Salehe alikuwa na mdogo wake, Bakari, kijana mvivu, aliyekuwa akilala mlemle bandani eti ndiye mlinzi. Bakari alikuwa na sikio moja limechanika, mbwa alimrarua utotoni. Mshike na sikio lake, nitamrudia.

Wiki ile ile deki ikapotea.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa Temeke, dada yake alikuwa amejifungua. Mchana, watu wametoka msikitini, Bakari akaingia uani kwetu na kundi la watu nyuma yake, usoni plasta. Plasta ya kitambaa, ile ya rangi ya ngozi ya Mzungu, na Bakari mweusi kama chungu. Ilikuwa inang'aa juu ya nyusi kama taa, upande wa lile sikio lililochanika. Nilisimama karibu naye mpaka harufu yake nikaipata.

"Athu mwizi!" akapiga kelele. "Nimemkuta alfajiri anatoa deki ya kaka! Nimemshika, kanipiga na kona ya deki, tazameni!"

Baba alikuwa anakula. Akatoka na mkono una ugali. "Bakari, umelewa?"

"Deki iko wapi?"

"Niulize mie? Mlinzi nani?"

Jirani yetu wa mbele, Mwalimu Tabitha, akatoka kwake. Alikuwa anafundisha shule ya msingi niliyokuwa nasoma, mama wa Kinyakyusa, mpole, msafi, mtu ambaye mtaa mzima tulikuwa tunamwamkia tukiwa tumesimama wima. Akampa Bakari kigoda. Akamletea maji. Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye jua, akaiangalia ile plasta kwa karibu kabisa, akasema, "Pole, baba." Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa hivi: Baba alisali alfajiri nyumbani, peke yake. Mama hakuwepo. Mie nilikuwa nimelala. Mtu wa kusema "nilikuwa naye" hakupatikana. Na mtaani neno mwizi likishasemwa haliulizi shahidi. Neno lile lingeshinda, Baba Buguruni asingeenda, na wala banda jingine lolote lisingemweka mwizi karibu na deki yake. Baba alilijua hilo. Jumamosi hakula. Alikaa kwenye mkeka akisugua kiganja kwa kiganja.

Jumapili alasiri tukaitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Chilumba. Mzee huyu alikuwa amestaafu reli, na sifa yake ilikuwa ya haki. Barazani kwake walikaa wazee, Salehe na kanzu yake nyeupe, wachinjaji wakasimama uani, wanawake ukutani. Mwalimu Tabitha alikuwa ametoka kanisani, ana gauni la bluu. Mama alikuwa amerudi, kajifunika khanga mpaka puani. Mie nikakaa miguuni pake.

Bakari akaja na plasta yake.

Ilikuwa upande wa sikio zima.

 Nikaangalia tena, maana Baba alinifundisha uangalie mara mbili. Sikio lililochanika liko huku, plasta iko kule. Na juu ya nyusi ilipokuwa plasta Ijumaa, ngozi ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo, inang'aa mafuta. Nikawatazama watu. Hakuna aliyeshtuka. Nikasema moyoni, maskini, hawajaona.

Bakari akaeleza kisa chake. Alipofika "akanipiga hapa," akagusa plasta, nikasimama.

"Mjumbe, shikamoo. Plasta imehama!"

Mama akanivuta gauni. Nikaendelea, kwa pupa, maneno yanagongana. "Ijumaa ilikuwa upande wa sikio lake bovu, leo iko upande wa sikio zima! Wallahi mjumbe, muulizeni, kidonda hakitembei!"

Uani kukawa kimya. Sikilizeni vizuri hapo, kimya. Hakuna aliyesema "huyu mtoto vipi." Nikamwona Tindo anatazama mabuti yake.

Halafu Mzee Chilumba akajikohoza. Akasema haraka, kwa sauti, "Mtu aliyepigwa na chuma anaweza kuwa na vidonda viwili. Kimoja kimepona, kimoja bado. Mtoto kaa chini."

Nilimgeukia Baba. Nilidhani atacheka, kwamba hapo ndipo pake, hakuna mtu Vingunguti aliyejua mchezo ule kuliko yeye. Lakini Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kisogoni. Alikuwa amesikia kazi yake mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine. Alipoinua uso akasema kitu kimoja tu, taratibu.

"Mjumbe, basi abandue. Tuone hicho kidonda, hata kama ni viwili. Nikikiona naondoka mwenyewe."

"Kidonda kikipigwa upepo kinaharibika," Bakari akasema.

"Daktari kamkataza," Salehe akadakia.

"Daktari yupi?" Baba akauliza.

"Athumani," mjumbe akasema, "usiwafanye watu wazima wawe wa kufungua vidonda vya watu. Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu hapa. Ijumaa ulimhudumia kijana. Plasta ilikuwa wapi?"

Nikashusha pumzi. Mwalimu aliyemshika kidevu! Mwalimu anayesahihisha madaftari arobaini na haachi nukta! Nikatabasamu kabisa, nakumbuka, nikatabasamu kwa kuwa mambo yamekwisha.

Mwalimu Tabitha akatazama kitambaa chake cha mkononi. "Mjumbe, kusema kweli... sikuangalia vizuri."

Salehe hakungoja. "Mnaona? Huyo mtoto kafundishwa. Baba yake anashinda naye bandani anamfundisha uongo. Mtoto wa kike!" Watu wakaguna, na mguno ule ulikuwa kwa Mama, si kwa Bakari.

Mjumbe akakata shauri. Kituoni hatuendi, tusiaibishane, mambo yaishie mtaani. Athumani na watu wake wahame. Eti hiyo ilikuwa huruma. Hadi leo kuna wazee wanasema Mzee Chilumba alikuwa na busara, aliepusha mengi. Aliepusha nini? Siku mbili baadaye, mchana kweupe, kwenye kinjia cha nyuma ya uzio wa machinjio, Bakari na wenzake wawili wakamkuta Baba amebeba godoro letu. Wakampiga mdomoni. Taya likavunjika na likaunga vibaya, likakaa kombo. Watu walikuwepo. Na wao bila shaka hawakuangalia vizuri.

Buguruni mwenye banda alimpokea Baba kwa heshima, akamkalisha. "Athu, mie sikudhanii, ndugu yangu. Lakini wateja..." Baba akajaribu kumjibu na maneno yakatoka yamelowa mate, yamepinda. Yule bwana akatazama pembeni. Tukahamia Boko, kwenye machimbo ya mawe. Baba akapasua kokoto, Mama akapasua kokoto, na mie nikatoka darasa la nne nikapewa nyundo. Ndiyo maana mwandiko wangu mnaouona ni huu.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Mimi miaka yote hiyo sikuwalaumu watu wa baraza. Nilijilaumu mie. Nilisema vibaya, kwa pupa, nikataja sikio bovu la mtu mbele za watu, nikawaudhi. Ningesema polepole, ningenyoosha kidole, wangeona. Kila nyundo ikishuka nilikuwa nayapanga upya yale maneno. Mjumbe, shikamoo, naomba kusema. Mjumbe, kwa heshima yako. Niliyapanga nikiwa mtoto, nikayapanga nikiwa na mimba ya binti yangu, nikayapanga siku tunamzika Baba. Alikufa na taya lake la kombo. Televisheni tulikuja kununua, na alikuwa akiangalia picha kimya. Nikimwambia, "Baba, umeona saa yake imehama mkono?" anajibu, "Nimeona," na hacheki.

Mwaka huu, kabla ya mvua, alikuja mama mmoja mzee kiwanjani kwangu ninapofyatua matofali. Amevaa kofia ya nyuzi, ana mkongojo. Anataka matofali ya ukuta. Nikamwuliza jina na nyumba, nipeleke.

"Andika Mwalimu Tabitha. Nyumba ya geti la kijani, nyuma ya kanisa."

Kalamu ikasimama. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mwalimu, umewahi kuishi Vingunguti?"

"Zamani sana. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Athumani. Mtafsiri."

Akakaa juu ya matofali mabichi, sikuwahi kumzuia, yakavunjika chini yake. Akakaa tu. Akanitazama usoni, akasema, "Jicho."

Nikamwambia, "Mwalimu, nikuulize la siku nyingi, unisamehe. Siku ile ningesema taratibu, ungeelewa?"

Akanitazama kama hakusikia. "Nielewe nini, mwanangu? Niliona. Nilipoingia tu niliona."

"Uliona?"

"Sote tuliona. Plasta ya rangi ya Mzungu kwenye uso mweusi, nani asione? Mjumbe aliona. Hata kipofu angeona. Salehe alishakuja kwangu Jumamosi. Nyumba niliyopanga ilikuwa yake, unajua. Akaniambia, 'Mwalimu, tunakaa kwa kuelewana.' Ndiyo hilo tu. Na deki Bakari aliiuza Kigogo, mwezi haukuisha mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima."

"Mtaa mzima."

Salehe Mpendu amekufa na alizikwa na watu wengi. Mzee Chilumba amekufa. Bakari Mpendu yupo, ana duka, ana wajukuu, wanamwita babu. Nilisimama pale na koleo mkononi, na nawaambia ukweli, sikujua hasira niliyonayo niiweke wapi. Nilikuwa nimewahurumia! Mtoto wa miaka tisa niliyetolewa shule, nilikuwa nimewaonea huruma watu wazima kwa kuwa hawana macho!

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Nimezeeka, nataka nikae na moyo mweupe."

"Kwangu umekosea njia," nikamwambia. "Mama yangu yupo ndani. Twende ukamwambie yeye."

"Bi Mwantumu? Yu hai?"

"Yu hai. Twende."

"Mwanangu, kwa umri wake, si tutamwumiza bure?"

"Mwalimu, tembea."

Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, siku hizi anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nikamwambia Mwalimu Tabitha wa Vingunguti amekuja, ana neno. Mama akamkaribisha, akaniambia nilete kiti. Sikuleta. Mwalimu akasema yote akiwa amesimama. Alisema vizuri, niseme haki, hakuacha kitu: plasta, Salehe, Jumamosi, Kigogo. Alisema kama angesema siku ile yangekwisha kwa dakika moja.

Mama hakulia. Vidole vyake vilisimama ndani ya mchele. Akauliza, "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba, Bi Mwantumu."

"Hata kidogo? Hakuwa na mkono kabisa?"

"Hakuwa na mkono."

Mama akanigeukia mimi, si Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Aliniambia, Hawa. Kila siku aliniambia. Mpaka usiku anaokufa, na lile taya lake, aliniambia, 'Mwantumu, sikuichukua.' Nami nikawa namwambia, 'Najua, mume wangu.' Sikuwa najua. Nilikuwa namsitiri. Nilimaliza ndoa nzima nikidhani nimemsamehe mwizi, nikijiona mke mwema. Kumbe hakuwa na la kusamehewa."

Akaanza tena kuchambua, anatupa mchele na kubakiza mawe.

Mwalimu Tabitha akajishika ukutani, akaanza kulia kwa sauti. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Humu ndani usilie. Kalie nje."